Dawa Ileile kwa Mara ya Tatu

Ninauza dawa katika duka la dawa muhimu hapa Tabora mjini, upande wa Isevya, na kazi hii hunionyesha jambo ambalo daktari wa hospitali kubwa hapati nafasi ya kuliona: mtu anayerudi kununua dawa ileile, kwa tatizo lilelile, kwa mara ya pili na ya tatu. Daktari humwona mgonjwa siku aliyoamua kwenda hospitali. Mimi humwona katika miezi ile yote ambayo hajaamua. Nimekuja kuamini kwa moyo wangu wote kwamba saratani nyingi zinazofika hospitalini zikiwa zimekwisha kusambaa zilipita kwanza mbele ya kaunta kama yangu zikiwa bado changa, zikauziwa vidonge na kurudishwa nyumbani.

Kwetu mtu huhesabiwa mgonjwa pale anapoumwa. Mwenye homa hulazwa kitandani, mwenye jino hukosa usingizi na kila mtu humpa pole, lakini mwenye uvimbe usiouma huendelea kulima, kupika na kuchota maji, na akiulizwa hujibu kwamba haumsumbui. Hatari yote imejificha hapo. Saratani huanza pale seli za sehemu fulani ya mwili zinapopoteza utaratibu wa kugawanyika na kufa kwa wakati wake, zikaendelea kuongezeka bila mwili kuzihitaji. Uvimbe wa namna hiyo, ukiwa bado mdogo, mara nyingi haubani mshipa wa fahamu wala hauzibi njia yoyote, na kwa sababu hiyo hauumi. Maumivu huja baadaye, uvimbe ukishakuwa mkubwa au ukishafika kwenye mifupa. Anayesubiri maumivu ndipo aende kupima, kwa hiyo, anasubiri ugonjwa ukomae.

Kipimo ninachowashauri wateja wangu si ukali wa dalili bali ukaidi wake. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3, sauti iliyokwaruza bila mafua na haitaki kurudi, kikohozi kisichokoma hata baada ya dozi kwisha, uvimbe usiopungua, uzito unaoshuka wakati mtu anakula kama kawaida: vyote hivi vinataka mtaalamu avichunguze, hata kama haviumi na hata kama mtu anajisikia ana nguvu za kutosha. Nisieleweke vibaya, mara nyingi majibu huwa si saratani. Huwa ni kifua kikuu, vidonda vya tumbo, maambukizi ya kawaida au upungufu wa damu. Lakini hayo nayo ni magonjwa yanayotibika, kwa hiyo aliyekwenda kupima hakupoteza kitu.

Kuna mama mmoja mwenye wajukuu ambaye amekuwa mteja wangu wa dawa za presha kwa muda mrefu. Siku moja pamoja na dawa zake aliomba pakiti ya pedi, nikadhani ni za binti yake. Aliporudi kuchukua pakiti nyingine, akaiingiza haraka ndani ya kanga kabla hata sijaifunga. Nilisubiri wateja wengine waondoke, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa kuuliza, hizi pedi ni za nani?" Akatabasamu. "Ni zangu, mwanangu. Hedhi ilikuwa imekoma siku nyingi, sasa imerudi. Wenzangu wananiambia ujana umerudi."

Hedhi ikishakoma kwa mwaka mzima, damu inayotoka baada ya hapo, hata ikiwa tone tu, inapaswa kuchunguzwa. Yaweza kuwa ni ukavu na wembamba wa ngozi ya ndani unaoletwa na umri, lakini yaweza pia kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi, na mtu hawezi kuzitofautisha kwa kutazama pedi. Nilimwandikia kwenye karatasi maneno ya kumwambia daktari, akaenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete akiwa na binti yake. Alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi ambayo ilikuwa bado haijatoka nje ya mlango wenyewe, akapewa rufaa kwenda Mwanza kwa matibabu, na mpaka leo anakuja dukani kuchukua dawa zake za presha.

Nitakaa kidogo kwenye ugonjwa huu kwa sababu ndio unaoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, na kwa sababu ndio unaoweza kuzuilika kuliko karibu saratani nyingine zote. Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi huanzia kwenye maambukizi ya virusi vya papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana na ambavyo watu wengi hupata wakati fulani wa maisha yao bila kujua. Kwa walio wengi mwili huvishinda wenyewe. Kwa wachache hubaki, vikabadilisha seli polepole, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka mabadiliko hayo yawe saratani. Kwa mwanamke anayeishi na VVU bila matibabu muda huo unaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Fikiria nafasi iliyomo katika miaka hiyo. Muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika chache, na sehemu zenye seli zilizobadilika hugeuka kuwa nyeupe. Sehemu hiyo ikiwa ndogo, mara nyingi huweza kutibiwa papo hapo kwa joto au kwa baridi kali, na mwanamke akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Huduma hii ipo katika kliniki za afya ya uzazi, na wanaohimizwa zaidi ni wanawake wa kuanzia miaka 30 hadi 50, huku wanaoishi na VVU wakitakiwa kuanza mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi.

Mabinti nao wana chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa kwa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nimesikia wazazi hapa mtaani wakinong'ona kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Haifungi kizazi. Inachofanya ni kumzuia mtoto asipate virusi vinavyoweza kumuua akiwa na miaka 45, na ningependa kila baba anayekataa kusaini fomu ya shule afikirie jambo hilo kabla hajarudisha kalamu mezani.

Kwa titi, ninachokutana nacho zaidi ni antibiotiki. Mama anayenyonyesha huja na titi lililovimba na kuwa jekundu, anaamini ni jipu la maziwa, na mara nyingi anaamini kweli. Lakini kama dozi imekwisha na titi bado limevimba, kununua dozi ya pili si jibu, kwa sababu kuna aina ya saratani ya titi inayojitokeza kama uvimbe wa moto vilevile. Dalili nyingine ni uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, ngozi inayobonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati haikuwa hivyo, na majimaji yenye damu kutoka kwenye chuchu moja. Siku nzuri za kujipapasa ni wiki moja hivi baada ya hedhi kuanza, maana kabla ya hapo matiti ya wengi huwa na mabonge ya kawaida. Uvimbe mwingi wa matiti, hasa kwa wasichana, si saratani. Wanaume pia hupata saratani hii, ingawa ni wachache, na kwa kuwa hawaitarajii huchelewa zaidi.

Mteja mwingine nisiyemsahau alikuwa mzee fundi wa baiskeli aliyekuwa akinunua dawa ya kiungulia, chupa baada ya chupa. Nilipomwambia, "Mzee wangu, shikamoo, hebu nionyeshe kiungulia chenyewe kipo wapi," aliweka kidole katikati ya kifua akasema kwamba hakimchomi, ila chakula kinakwama pale. Alikuwa ameacha nyama, akafuata ugali, na sasa alikuwa akiishi kwa uji na chai, huku nyumbani wakidhani amekuwa mteuzi wa chakula kwa sababu ya uzee. Mpangilio huo, vigumu kwanza, laini baadaye, mwishoni hata maji, ndio njia ya saratani ya umio. Umio hutanuka, kwa hiyo tonge linapoanza kukwama nafasi ya ndani huwa imekwisha kubanwa sana, na ndiyo maana hata kukwama kwa mara ya kwanza kunahitaji kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni, si dawa ya kutuliza tindikali. Mzee wetu alifika ugonjwa ukiwa umeendelea. Aliwekewa mrija wa kumwezesha kumeza, akaweza kula tena kwa muda na watoto wake wakapata nafasi ya kumhudumia vizuri.

Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda mzima wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na mojawapo ya mambo yanayotajwa ni vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Chai yenyewe haina kosa. Kosa ni moto wake. Asubuhi za Juni na Julai, Tabora inapokuwa na baridi, chai ya rangi hunywewa hapa ikitoka jikoni moja kwa moja, na uji huliwa ukiwa bado unatoa povu. Kuuacha upoe kwa dakika kadhaa hakumgharimu mtu chochote.

Yako mengine nitakayoyapitia kwa haraka. Damu kwenye choo watu huiita bawasiri na kununua dawa yake, au huiita amiba, lakini ikiambatana na mabadiliko ya choo yanayoendelea kwa wiki, kuharisha kunakopokezana na kufunga choo, au upungufu wa damu usioeleweka, utumbo mpana unapaswa kuchunguzwa. Damu kwenye mkojo, katika maeneo yetu yenye mabonde ya mpunga, huonekana kwa wavulana kama jambo la kukua. Mara nyingi ni kichocho, na kichocho cha mkojo kisipotibiwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu, wakati dawa yake, prazikwanteli, humezwa kwa siku moja tu. Mzee anayeamka usiku kwenda haja ndogo mara nyingi ana tezi dume iliyovimba tu bila saratani, lakini kwa kuwa saratani ya tezi dume katika hatua zake za mwanzo mara nyingi haitoi dalili yoyote, mwanamume aliyefikisha miaka 50, au 45 kama baba au kaka yake aliugua, anapaswa kuzungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu.

Saratani nyingine haina uvimbe wa kushika kabisa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma hapa Tabora akiwa kijana na baadaye akafundisha hapa katika shule ya Mtakatifu Maria, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Dalili za saratani hiyo kwa kawaida ni uchovu, weupe wa viganja, homa za kujirudia, fizi zinazotoka damu na michubuko inayojitokeza bila mtu kugongwa. Kwa mkoa wenye malaria kama wetu, homa za kujirudia humaanisha dawa mseto za kujirudia, na mimi sasa siuzi dawa mseto bila kuona majibu ya kipimo. Bob Marley naye, ambaye nyimbo zake husikika kwenye kila daladala, alifariki Mei 1981 kwa saratani ya ngozi iliyogunduliwa kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa watu weusi aina hiyo hupenda kutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hatutazami. Ndugu zetu wenye ualbino wako katika hatari tofauti na kubwa zaidi, ya jua lenyewe, na kidonda kwenye mdomo, sikio au shingo kisichopona hakipaswi kupakwa mafuta tu na kusubiriwa.

Watoto nao wasisahaulike. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, hasa inapoonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga mkali, yaweza kuwa saratani ya jicho. Na taya linalovimba haraka, meno yakilegea, si lazima liwe jino bovu. Ugonjwa huo wa taya ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Uganda, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, akizipitia hospitali njia nzima, ili ajue unapatikana wapi. Aligundua kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, yaani yaleyale yenye malaria, na leo ni mojawapo ya saratani zinazoitikia dawa vizuri sana iwapo mtoto atafikishwa mapema.

Namtaja Burkitt kwa sababu ndiye pia aliyenifanya niheshimu zaidi chungu cha bibi yangu. Katika miaka ya 1970 aliandika na kuhubiri kila alikokwenda kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya nyuzinyuzi nyingi katika chakula chao, na tafiti za baadaye zimeendelea kuonyesha kwamba nyuzinyuzi hupunguza hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kwa Mnyamwezi anayekula kama walivyokula wazee wake hicho si kiwango kigeni: kuna ugali wa dona au mtama, maharage na kunde, mlenda, matembele, majani ya maboga, nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa kwa ajili ya kiangazi, michembe na matobolwa ya viazi vitamu, halafu maembe msimu wake, na furu na mbula kutoka porini. Kilichotuharibia ni kuona vyakula hivyo kuwa vya kimaskini. Kijana akipata mshahara wa kwanza huhamia kwenye sembe nyeupe, chipsi na soseji, na nyama za kusindikwa kama soseji ziliwekwa tangu mwaka 2015 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takribani asilimia 18.

Hata hivyo chakula chetu kina adui wake, naye anaishi ghalani. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa zikapata unyevu, na ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya ini, hasa kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu nyingi, lakini hao walikula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haumwi leo. Ini lake ndilo linaloharibika kimyakimya. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii, wala kukaanga hakuimalizi.

Nilipokuwa kwa shangazi yangu huko Uyui wakati wa kuvuna karanga, nilimwangalia akizichambua kwenye ungo. Nzima na nene alizisukuma upande mmoja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zile zenye unga wa kijani alizitenga upande wa pili, na hizo za pili, akaniambia, ndizo za kusaga za mboga, maana zikishasagwa hazionekani. Kwa heshima yote nilimwomba, "Shangazi, hizi tuzifukie," kwa sababu sehemu kubwa ya sumukuvu katika gunia la karanga hukaa kwenye punje hizo chache zenye kasoro, na kuzitoa kwa mkono ni mojawapo ya njia bora kabisa za kupunguza sumu. Kuku naye asipewe. Kwa sababu hiyohiyo mimi hununua karanga nzima sokoni, nazichambua, ndipo nazisaga mwenyewe, badala ya kununua zilizokwisha kusagwa.

Mahindi yakaushwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupimia achukue chupa kavu ya kioo, atie punje pamoja na chumvi iliyokauka vizuri, aitikise na kuiacha itulie dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, au nafaka ihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Hapa ndipo penye jambo linalonipa shida ninapowashauri watu wale dona: sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni mbaya kuliko sembe yake. Ushauri wangu ni kwamba dona iliwe, lakini itokane na mahindi ambayo umeyachambua kwa macho yako. Na mtoto akamilishe chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B.

Siwezi kuandika haya Tabora nikanyamazia tumbaku. Urambo, Kaliua na Sikonge zimejengwa kwa jani hilo, ada za shule zimelipwa nalo, na simlaumu mkulima anayelisha familia kwa zao ambalo soko lake lipo. Lakini kulima hakumlazimu mtu kuvuta wala kunusa, na takribani nusu ya watumiaji wasioacha huuawa nayo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna navyo huleta saratani, hasa ya kinywa na umio. Pombe vilevile, iwe bia au gongo, ni chanzo kilichothibitika, na inapokutana na moshi wa tumbaku kwenye koo la mtu mmoja hatari hizo mbili huzidishana.

Mambo haya yote ni kinga, na ningependa mpaka uwe wazi: chakula huzuia, hakitibu. Shirika la Afya Duniani husema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zingeweza kuzuiwa, maana yake nyingine nyingi humpata mtu aliyekula vizuri maisha yake yote, na hakuna haki ya kumuuliza mgonjwa alikula nini mpaka akaugua. Kwenye simu zetu huzunguka ujumbe wa majani ya mstafeli, wa ndimu na soda ya kuokea, na wa kumnyima mgonjwa sukari na wanga ili saratani ife njaa. Anayekufa njaa ni mgonjwa. Seli zote za mwili hutumia sukari, na mtu anayepungua uzito hushindwa kuhimili dripu za dawa za saratani na mionzi, kiasi kwamba wakati mwingine matibabu husimamishwa mpaka apate nguvu. Mpe uji wa lishe wenye karanga salama na maziwa, mayai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, parachichi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Kama mdomo una vidonda, acha pilipili, ndimu na vitu vya moto. Dawa yoyote ya kienyeji anayotumia itajwe mbele ya daktari, kwa sababu baadhi huingiliana na dawa za hospitali.

Hofu kubwa ninayoisikia ni ya kukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa ajili ya kipimo. Watu huamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Kipande hicho kidogo ndicho kinachomwezesha mtaalamu wa maabara kusema kama ni saratani, na kama ni saratani ya aina gani, na bila jibu hilo hakuna daktari anayeweza kuanza matibabu sahihi. Wanaoonekana kufa baada ya kukatwa, kwa kawaida, ni wale waliofika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea kabla kisu hakijafika.

Ukiamua kwenda, anzia zahanati au kituo cha afya ili upate rufaa, na ueleze dalili kwa tarehe: ilianza mwezi gani, imebadilika vipi, umetumia dawa zipi na dozi ngapi. Beba maboksi ya dawa hizo, hata yaliyo matupu, pamoja na majibu yote ya zamani. Usiishie kusema "tumbo linasumbua" kama ukweli ni kwamba unatoka damu. Kama unaona haya kumwambia daktari mwanamume, una haki ya kuomba muuguzi mwanamke. Ukipelekwa hospitali ya Bugando kule Mwanza au Ocean Road kule Dar es Salaam kwa mionzi, panga mapema mahali pa kufikia, maana mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, huchukua wiki 5 hadi 8, na wagonjwa wengi kutoka huku hukatiza matibabu si kwa kukata tamaa bali kwa kukosa malazi na nauli. Familia ikae kikao kabla ya safari, ijulikane nani ataambatana na mgonjwa, nani atampokea zamu baada ya wiki kadhaa, na nani atabaki na watoto na shamba.

Na kama wewe ni muuza dawa mwenzangu, weka daftari pembeni ya kaunta. Andika jina la mteja, dawa na tarehe, na anapokuja kwa mara ya tatu usimpe chenji kabla hujamuuliza.